Intaneti haitembei kwa Linux yako? Anza chini, panda pole pole

Mutu akikuambia "intaneti haitembei kwa PC yangu" hajakuambia kitu bado, juu nyuma ya hayo maneno kuna maswali matano tofauti na kila swali liko na dawa yake. PC inaona kadi ya rezo? Kadi imeshikana na upande wa pili, yani kable imeingia sawa ama wifi imekubali neno la siri? Imepata adresi? Inajua njia ya kutokea nje? Na mwisho, inaweza kugeuza jina la tovuti kuwa namba? Ndo hayo tu. Hapa Bukavu naona vijana wengi wanafunga Linux kwenye PC zao, wanafunzi wa vyuo vya ISP na UOB, watu wa sekretaria za Kadutu na Nyawera waliochoka na virusi vinavyokuja na fleshi za wateja, na wengi wanakwama pale pale kwa rezo, halafu wanafanya kile kitu kinaniuma sana: wanafuta yote na kufunga upya, gigabaiti kadhaa za mega zimeenda, na tatizo linabaki vile vile juu halikuwa kwa sistemu nzima, lilikuwa kwa ngazi moja kati ya zile tano.

Kwa hiyo kwanza ujue uko ngazi gani. Usiguse DNS (ile inayogeuza jina la tovuti kuwa namba) kama taa ya kable haiwaki. Usibadilishe kable kama adresi unayo tayari.

Tuanze na kadi. Fungua teminali, andika:

ip link

Itakuletea majina. Ile lo ya kwanza uiache, hiyo ni PC inaongea na yenyewe, iko kwa kila Linux. Zinazofuata ndo kadi zako. Zamani ziliitwa eth0 kwa kable na wlan0 kwa wifi, na maelezo mengi bado yanaandika hivo, ila tangu 2013 systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux, ilileta majina yanayotokana na mahali kadi imechomekwa ndani ya mashini, ndo maana utaona kitu kama enp3s0 ama wlp2s0. Herufi en mwanzoni ni kable, wl ni wifi, p ni namba ya basi ya PCI (njia ya ndani ya mashini inayobeba kadi) na s ni tundu lake. Kadi za USB mara nyingi hupata jina refu, enx ama wlx ikifuatwa na adresi ya MAC yote, yani namba ya kipekee ya kadi hiyo. Sababu ya mabadiliko hayo ni nzuri, juu zamani kwa mashini yenye kadi mbili eth0 na eth1 ziliweza kubadilishana majina ukiwasha upya, na sava nzima ikapotea kwenye rezo bila mutu kugusa kitu. Linux zingine zimebaki na majina ya zamani, Raspberry Pi kwa mfano. Wee soma jina la kadi yako kwanza, kisha popote maelezo yanasema wlan0 uweke jina lako.

Sasa kama kadi ya wifi haionekani kabisa kwenye ile orodha, hapo ndo watu wanalia, na ndo pa kukaa kidogo. Kadi bila draiva, ile programu inayofanya Linux iongee na kadi, ni chuma tu. Andika lspci -k utafute mstari wa kadi ya wifi, chini yake kunatakiwa kuwe na maneno "Kernel driver in use" (kama ni kadi ya USB andika lsusb -t, utafute jina la draiva baada ya "Driver="). Yasipokuwepo, kerneli, yani moyo wa Linux, haijapata draiva. Yakiwepo na bado wifi haitembei, angalia hii (sudo mwanzoni ni kuomba nguvu za msimamizi wa PC):

sudo dmesg | grep -i firmware

Fimwea ni programu ndogo ambayo Linux inaipakia ndani ya kadi yenyewe kila ukiwasha PC, bila hiyo draiva iko lakini kadi imelala. Kadi za Intel hazisumbui sana, draiva yake iwlwifi iko ndani ya kerneli na fimwea yake inakuja na Linux nyingi. Broadcom, zile za Dell na HP za miaka mingi na MacBook za zamani, ndo kichwa kinauma: kwa Ubuntu na Mint utahitaji paketi bcmwl-kernel-source, kwa Debian ni broadcom-sta-dkms. Realtek inategemea modeli, zingine unachomeka tu inatembea, zingine utatafuta draiva mpaka usiku. Kama uko na fleshi ya Debian ya zamani, tafuta mpya zaidi, juu kabla ya Debian 12 ya 2023 ISO ya kawaida (fili ya kufungia Linux) haikuwa na fimwea zisizo huru, tangu hapo ziko ndani na PC nyingi zinashika wifi tangu wakati wa kufunga.

Shida inayobaki ni ya wazi: draiva ya intaneti iko kwa intaneti. Dawa yake unayo mfukoni. Chukua simu ya Android, ichomeke na kable yake ya USB kwa PC, ingia kwa mipangilio ya simu pale pa kugawa koneksio, washa ile ya USB. Linux inaona simu kama kadi ya kable, inapewa jina usb0 ama enx na herufi nyingi, inapata adresi yenyewe, na hufungi kitu chochote. Kitu wengi hawajui ni kwamba simu nyingi za Android zikiwa zimeshika wifi ya mahali zinaipitisha wifi hiyo hiyo kwa USB mpaka kwa PC, yani simu inageuka kuwa kadi yako ya wifi na mega zako hazitoki. Iangalie tu juu ya simu kwamba data ya sim imezimwa. Na wee unayekaa upande wa Nguba ama karibu na Ruzizi, simu inaweza kushika rezo ya Rwanda bila kukuuliza, basi uzime itineransi kabla ya kuanza kushusha draiva, juu unite zitaisha kabla paketi haijafika nusu.

Kama kadi iko na draiva iko lakini wifi imezimwa, andika rfkill list. Ikisema "Soft blocked: yes", unaifungua na rfkill unblock wifi. Ikisema "Hard blocked: yes" hakuna amri itakusaidia, tafuta kidude cha kusukuma pembeni ya PC ama kitufe cha Fn chenye alama ya antena.

Kabla ya kupanga kitu chochote kuna swali lingine ambalo maelezo mengi yanaruka, na mimi naona ndo chanzo cha fujo nyingi kuliko yote: ni nani anasimamia rezo kwa hiyo Linux yako? Juu Linux haina njia moja. Ubuntu ya mezani, Mint, Fedora na Debian yenye madirisha, zote zinatumia NetworkManager, ambayo Red Hat waliianzisha 2004. Ubuntu ya sava iko na netplan, fili yake iko ndani ya /etc/netplan na inaandikwa kwa YAML, namna ya kupanga mipangilio kwa mistari na nafasi, halafu netplan inampa kazi systemd-networkd. Debian ya sava bila madirisha inasoma /etc/network/interfaces. Raspberry Pi OS ilikuwa na dhcpcd mpaka 2023 ikahamia NetworkManager. Na chini ya hao wote kwa upande wa wifi kuna mfanyakazi anaitwa wpa_supplicant, huyo ndo anaongea neno la siri na ruta, wee hupaswi kumgusa kama NetworkManager iko.

Sasa kijana anasoma ukurasa mmoja anaandika kitu ndani ya /etc/network/interfaces, anasoma mwingine anaongeza fili ya netplan, anasoma wa tatu anawasha wpa_supplicant kwa mkono, na mwishowe wasimamizi watatu wanavutana kadi moja, inashika dakika mbili inaachia. Kwa Debian ukiandika kadi yako ndani ya interfaces, NetworkManager inaiacha kabisa, na ukiandika nmcli device (nmcli ndo amri ya kuongea na NetworkManager) utaona kadi hiyo imeandikwa "unmanaged". Hiyo neno ukiiona, ndo jibu. Rudi ufute ile mistari ya kadi yako ndani ya interfaces (lo uiache), uwashe upya NetworkManager:

sudo systemctl restart NetworkManager

Chagua msimamizi mmoja, wengine wanyamaze. Kwa PC ya mutu wa kawaida huyo mmoja awe NetworkManager, na kuanzia hapa naongelea yeye. Kwa wa sava ya Ubuntu nasema mambo mawili tu: kwa YAML ya netplan usitumie kabisa kitufe cha Tab, ni nafasi tupu peke yake, na ukibadilisha kitu utumie sudo netplan try kuliko apply, juu try inasubiri sekunde 120, usipothibitisha inarudisha yale ya zamani, na hiyo inakuokoa kama sava iko mbali na umejifungia nje.

NetworkManager inatenganisha vitu viwili: kadi, na koneksio. Kadi ni kile chuma tumeongea. Koneksio ni maagizo yaliyoandikwa: jina la wifi, neno lake la siri, adresi itoke wapi, DNS gani. Kadi moja ya wifi inaweza kuwa na koneksio ishirini, ya nyumbani, ya kazi, ya simu ya yaya, lakini inafuata moja kwa wakati. Kwa Linux nyingi fili zake ziko ndani ya /etc/NetworkManager/system-connections na ni root (msimamizi mkuu wa PC) peke yake anaweza kuzisoma, juu maneno ya siri yako humo. Ukibadilisha koneksio, kadi haijui bado mpaka uinue tena na nmcli connection up. Watu wanabadilisha, wanaona hakuna kilichotokea, wanabadilisha tena kingine juu yake, na hapo mambo yanachanganyika.

Kable sasa. Chomeka, angalia ip link tena. Ukiona NO-CARRIER, umeme wa ishara haufiki: kable imekufa, kichwa chake hakijaingia mpaka kikalia, ama swichi (kisanduku kinachounganisha kable) upande wa pili imezimwa. Jaribu tundu lingine la swichi kabla ya kulaumu Linux. Ukiona LOWER_UP ngazi hiyo umeipita, unaenda kwa adresi:

ip addr

Pale kwenye inet utaona namba, mara nyingi 192.168 na zingine, ama 10 mwanzoni. Namba hizo ni za ndani, hazionekani kwa dunia, ndo maana nyumba nzima ya Kadutu na nyumba nzima ya Ibanda zinaweza zote kuwa na 192.168.1.5 bila kugongana. Zinagawiwa na ruta kwa njia inaitwa DHCP, na DHCP inafanya vile bayere (mwenye nyumba) anafanya na nyumba: hakupi iwe yako, anakukodisha kwa muda, nusu ya muda ikifika PC yako inaomba kuongezewa, na kama ulipotea muda mrefu anaweza kuipa mwingine. Pamoja na adresi anakupa na vitu vingine vitatu, ukubwa wa rezo, njia ya kutokea, na DNS. Ukiona adresi inaanza na 169.254, hakuna aliyekujibu, PC imejipa namba yenyewe. Hapo tatizo liko kwa ruta ama kwa kable inayopitisha nusu nusu, na kuwasha upya PC mara nyingi hakubadilishi kitu.

Kuna wakati unataka adresi isibadilike, kwa mfano PC ya sekretaria ambayo wengine wote wanachapia kupitia kwake, ikibadilisha namba asubuhi basi hakuna anayechapa. Kwanza angalia koneksio yako inaitwaje, nmcli connection show, juu kama ulifunga Linux kwa Kifaransa jina halitakuwa lile la Kiingereza linaloandikwa kila mahali, litakuwa "Connexion filaire 1". Kisha, yote kwa mstari mmoja:

sudo nmcli connection modify "Connexion filaire 1" ipv4.method manual ipv4.addresses 192.168.1.200/24 ipv4.gateway 192.168.1.1 ipv4.dns 1.1.1.1

sudo nmcli connection up "Connexion filaire 1"

Ile /24 ni sawa na 255.255.255.0 ya Windows. Usiisahau, bila hiyo PC inadhani iko peke yake. Na namba utakayochagua iwe nje ya zile ruta inagawa, vinginevyo siku moja itampa mwingine namba hiyo hiyo na wote wawili mtakuwa mnakatika katika. Mimi kwa ukweli napenda zaidi kuacha PC kwa DHCP na kuingia ndani ya ruta kumwambia "MAC hii daima umpe namba hii", ruta nyingi zinakubali, na hapo ukipeleka PC mahali pengine inaendelea kutembea bila kubadilisha kitu. Kurudisha DHCP ni kuweka ipv4.method auto na kufuta yale mengine kwa kuyapa alama mbili za nukuu zisizo na kitu ndani.

Wifi inaongeza mambo yake. Kuona kile kinachopatikana:

nmcli device wifi list

Na kuingia:

nmcli --ask device wifi connect "Jina la wifi"

Ile --ask inaomba neno la siri pembeni. Maelezo mengi yanakuambia uandike neno la siri ndani ya amri yenyewe, mimi sipendi, kwanza linabaki limeandikwa ndani ya historia ya teminali ambapo kila mwenye kukaa kwa PC hiyo anaweza kulisoma, halafu kama lina alama ya $ ama ! teminali inaligeuza kabla halijafika kwa NetworkManager na utabishana na mwenye wifi kwamba amekudanganya.

Kisha klavye. PC zetu zinatoka kila pembe, moja ilitumika Ubelgiji iko AZERTY, nyingine ilitumika Marekani iko QWERTY, na wakati wa kufunga Linux mutu anapita haraka pale pa kuchagua klavye. Sasa neno la siri linaonekana nukta nukta, wee unabonyeza a na PC inaandika q, unabonyeza z inaandika w, na namba kwa AZERTY zinataka Shift. Wifi inakataa, inarudisha dirisha la neno la siri, unaandika tena, inakataa. Kabla ya kitu chochote bonyeza kale kajicho kanachoonyesha herufi, ama fungua fili tupu uandike neno hilo ulione. Kurekebisha unaenda kwa mipangilio ya klavye uchague ule unaolingana na klavye yako, Kibelgiji kwa PC ya Ubelgiji, Kifaransa kwa ya Ufaransa, na kuna hata mpangilio wa Kongo wenyewe, unaitwa cd. Kama dirisha linarudi na herufi ziko sawa kabisa, sogea karibu na ruta, juu ishara ikiwa dhaifu mazungumzo ya neno la siri yanakatika katikati na PC inadhani umekosea.

Ruta nyingi za leo zinatoa wifi mbili, ya 2.4 GHz na ya 5 GHz. Ya 5 inakimbia zaidi lakini ukuta wa matofali unaikula haraka, ya 2.4 inafika mbali na inajaa watu. PC za zamani kadi yake haiwezi 5 kabisa, ndo maana simu inaona wifi ambayo PC haioni. Sababu nyingine ya kutoiona ni chaneli: kwa sheria za redio za Marekani wifi ya 2.4 inaishia chaneli ya 11, kwa hiyo kadi iliyowekewa sheria hizo haitaona ruta iliyokaa kwa 12 ama 13. Angalia na iw reg get. Dawa rahisi ni kuhamisha ruta kwa 1, 6 ama 11, chaneli tatu ambazo haziingiliani.

Na kama wifi inashika vizuri lakini inalegea legea, hasa PC ikiwa kwa batri, zima ile ya kadi kulala ili kuokoa umeme:

sudo nmcli connection modify "Jina la wifi" 802-11-wireless.powersave 2

Hapo 2 ni kuzima na 3 ni kuwasha.

Tunaingia ngazi ya nne, njia, na hii inawapata sana watu wenye kable na wifi kwa wakati mmoja. Fikiria sekretaria: kable inaenda kwa swichi yenye printa na ruta ambayo haijalipiwa mwezi huu, wifi inatoka kwa simu yenye mega. Kila kitu kiko kijani, adresi mbili ziko, na hakuna ukurasa unafunguka. Andika ip route, utaona mistari miwili inaanza na default:

default via 192.168.1.1 dev enp3s0 metric 100
default via 192.168.43.1 dev wlp2s0 metric 600

Ile metric ndogo ndo inashinda. NetworkManager inaipa kable 100 na wifi 600 kwa imani kwamba kable ni bora, kwa hiyo vitu vyote vinatumwa kwa ruta isiyolipiwa na vinafia hapo. Kwa Linux ambazo zimewasha ukaguzi wa intaneti, NetworkManager ikiona kable haifiki nje inaiongezea metric 20000 na wifi inapita mbele, lakini si Linux zote zimeuwasha. Wengi wanachomoa kable, intaneti inarudi, na hapo printa imepotea. Hakuna haja:

sudo nmcli connection modify "Connexion filaire 1" ipv4.never-default yes ipv6.never-default yes

Inua koneksio tena. Unaiambia kable itumike kwa majirani wa ndani tu, isitumike kamwe kama njia ya kutokea nje. Printa inachapa, simu inaleta intaneti.

Ngazi ya tano ni majina. Piga ping (amri inayouliza adresi kama inajibu) mara tatu kwa mpangilio: kwanza ruta yako, kisha 1.1.1.1, kisha jina kama debian.org. Ruta ikikataa, tatizo liko ndani ya nyumba. Ruta ikijibu na 1.1.1.1 ikikataa, mara nyingi ni mega zimeisha ama mtoa huduma ameanguka, Linux haina kosa. Namba ikijibu na jina likakataa, ndo DNS, hapo tu. Ubuntu na zingine zinapitisha maswali ya DNS kwa systemd-resolved, ndo maana ukifungua /etc/resolv.conf unaona 127.0.0.53 na unashangaa. Usiandike humo kwa mkono, fili hiyo inaandikwa upya. Weka DNS kwa koneksio:

sudo nmcli connection modify "Jina la wifi" ipv4.dns "1.1.1.1 8.8.8.8" ipv4.ignore-auto-dns yes

Ya kwanza ni ya Cloudflare, ya pili ni ya Google. Ila wifi za hoteli ambazo zinakutaka uandike kode (namba ya kuingilia) kwa ukurasa fulani kabla ya kuingia zinategemea DNS yao yenyewe, ukilazimisha yako ukurasa ule unaweza usitokee, kwa hiyo fanya hivo kwa koneksio inayohitaji, usifanye kwa zote.

Sasa mega, juu koneksio ikitembea ndo Linux inaanza kula. Ubuntu inaweza kuanza kushusha sasisho nyuma yako na forfe ya siku ikaisha bila wee kufungua hata ukurasa mmoja. NetworkManager inajua kitu kinaitwa koneksio yenye kipimo. Ukishika wifi ya simu ya Android, simu yenyewe inatuma ujumbe ndani ya DHCP kwamba hii ni ya kulipia, na ukiuliza nmcli -f GENERAL.METERED device show wlp2s0 itakujibu "yes (guessed)". Kwa modemu na ruta za mfukoni mara nyingi haijui, basi umwambie:

sudo nmcli connection modify "Jina la wifi" connection.metered yes

Duka la programu la GNOME, yale madirisha ya Ubuntu na Fedora, linaheshimu hiyo. Snap, njia ya Ubuntu ya kufunga programu, haiheshimu mpaka uiombe, na sudo snap set system refresh.metered=hold. Fanya hizo mbili siku ya kwanza, kabla ya kufungua kivinjari.

PC yenye Linux inaweza pia kugeuka kuwa ruta ya nyumba, na haihitaji programu ya kununua. Kama intaneti inaingia kwa kable ama kwa simu ya USB, na kadi ya wifi iko huru, sudo nmcli device wifi hotspot ssid Nyumbani password ukifuatwa na neno la siri la herufi nane ama zaidi, basi simu za wengine zinaingia. Kinyume chake pia, intaneti ikiingia kwa wifi unaweza kuitoa kwa kable kwa kuweka ipv4.method shared juu ya koneksio ya kable. Kwa hali zote mbili PC yako inachukua 10.42.0.1 na inagawa adresi kwa wengine. Kupokea wifi na kutoa wifi kwa kadi ile ile moja, kadi nyingi zinakataa, tumia simu kwa USB ama kadi ya pili.

Na kuna hali moja ambapo ngazi zote tano ziko sawa, ping zote tatu zinajibu, na kivinjari kinakataa tovuti zote kikisema cheti si halali. Angalia saa. PC ya mezani ambayo batri yake ndogo ya ndani imekufa, umeme ukikatika inasahau tarehe inarudi nyuma miaka, na cheti cha tovuti kinaonekana kama hakijazaliwa bado. Weka saa ijipange yenyewe kupitia intaneti:

sudo timedatectl set-ntp true

sudo timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi

Ya pili ni juu wengi wanachagua Kinshasa wakati wa kufunga, na Kinshasa iko saa moja nyuma ya Bukavu, kwa orodha ya Linux sisi wa mashariki tuko chini ya Lubumbashi. Batri yenyewe kwa PC nyingi za mezani ni ile ya duara ya CR2032, unafungua mashini ikiwa imechomolewa, unatoa ya zamani, unaweka mpya upande wa alama ya kujumlisha ukiwa juu.